Doa la Nyuma ya Jenereta

Umewahi kuosha kitu kwa bidii mpaka ukakiharibu? Usinikodolee macho, jibu. Na ujibu mwenyewe, maana watu ninaotaka kukusimulia walipoulizwa, kila mmoja alimgeukia jirani yake.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, palikuwa na jengo la ofisi la ghorofa tisa katika mji wa vumbi jekundu. Lilivikwa mabamba ya alumini kutoka chini mpaka juu, rangi ya fedha. Ndani lifti ilikuwa mbovu na maji yalitoka kwa zamu, lakini nje jengo liling'aa, na kwa wenyewe kung'aa ndiko kuendelea.

Vumbi halikupewa taarifa hiyo. Kiangazi kimoja tu, jengo likawa na rangi ya matofali. Ndipo ikaja habari kwamba Ijumaa atafika mgeni rasmi.

Meneja wa jengo, Bwana Kaijage, mtu wa tai hata siku za msiba, akamwita Chande, msimamizi wa usafi.

"Chande, mgeni akishuka kwenye gari nataka afumbe macho kwa mng'ao."

"Mkuu, hiyo ni kazi ya wiki tatu. Tena mabamba haya hayaoshwi jua likiwa kali. Dawa inayakaukia."

"Leo Jumatatu. Unaanza Jumatano, Alhamisi unamaliza. Jua ni la Mungu, usilisingizie."

Chande akanywea. Alikuwa na sabuni laini, ile iliyoelekezwa na waliotengeneza mabamba, lakini sabuni laini inataka subira, na subira haikuwa kwenye bajeti. Akaleta dumu la asidi ya kung'arishia vigae vya chooni. Akalifungua, akanusa, machozi yakamtoka, akatabasamu.

"Hii sasa ndiyo dawa," akasema. "Dawa isiyokuliza ni maji ya kunawia."

Mkataba, hata hivyo, ulidai majaribio. Dawa ipakwe kwenye bamba moja mahali pasipoonekana, isuuzwe baada ya dakika tano, iachwe mpaka kesho yake. Kisha mshauri aje alitazame bamba kwa macho yake na kutia saini. Mshauri alikuwa Injinia Lyatuu, mwenye vyeti vya kujaza ukuta wa sebule na vingine vikabaki kwenye korido.

Kazi ya kupaka akapewa Mwajabu. Huyu alikuwa muosha maghorofa kwa kamba, mwanamke wa peke yake katika kundi la wanaume saba, na hao saba walijua kwamba akining'inia yeye, wao wakalinganishwe na wengine, si naye. Akaenda nyuma ya jenereta, akachagua bamba, akapaka. Papo hapo mama wa chai akapita na vitumbua vya moto. Mwajabu akajiambia, dakika tano tu. Na dakika tano za chai ya tangawizi unazijua.

Aliporudi, dawa ilikuwa imekauka. Akasuuza. Pakabaki doa jeupe, limefubaa, kubwa kama sinia.

Hakuifikiria dawa hata kidogo. Alijifikiria yeye. Mwaka uliopita alivunja kioo kimoja, wakamteremsha kutoka kwenye kamba, wakampa deki ya vyoo miezi sita. Akaona kabisa ndoo ya deki inamwita. Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi ya nywele, akalipaka doa, akalifuta kwa kitambaa. Bamba likang'aa kuliko majirani zake wote.

Jumanne Injinia Lyatuu akaja. Nyuma ya jenereta palikuwa na tope, na viatu vyake havikusomea tope. Akateremsha kioo cha gari kiasi cha vidole viwili.

"Ni lile linalong'aa?"

"Ndiyo, injinia," akasema Mwajabu.

"Safi sana." Akatia saini juu ya usukani, akapandisha kioo.

Jumatano wakaanza kuosha, saa sita mchana, mabamba yakiwa ya moto kama kikaango. Jioni michirizi ikaanza kujitokeza. Chande akasema ni unyevu, utakauka. Ukakauka. Michirizi ikabaki. Mwajabu, akiwa amening'inia ghorofa ya saba, akaitambua ile rangi. Alishaiona, imelala chini ya mafuta yake. Akajisemea ataongea kesho. Kesho ikafika, akaosha ghorofa tatu nyingine.

Ijumaa mgeni rasmi akashuka. Macho hakufumba; alikunja uso. Akalitazama jengo lililofubaa ubavu mzima, michirizi myeupe juu mpaka chini, kama mtu aliyepakwa losheni na asiyempenda.

"Hii ndiyo rangi mpya?" akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema Kaijage. "Ya kisasa."

Wakapiga makofi. Naam, walipiga makofi.

Wenye jengo, wanaokaa mbali na wasiopenda usasa wa namna hiyo, wakatuma barua: mabamba yote yameharibika. Kabla ya saa sita Jumatatu waletewe jina la mhusika. Jina moja. Mwenye jina hilo, kazi basi.

Wakaketi kikao. Kaijage, Chande, Lyatuu, na Mwajabu, aliyeambiwa aje kuwakilisha watu wa kamba na asiongee. Zililetwa sambusa.

"Wandugu," Kaijage akaanza, "mimi sikushika sifongo. Niliagiza jengo lioshwe, sikuagiza liunguzwe."

"Mimi pia sikushika sifongo, mkuu," akasema Chande. "Nilishika dumu. Na dumu lilifaulu majaribio. Saini hii hapa."

"Mimi sikushika sifongo wala dumu," akasema Lyatuu. "Nilishika kalamu. Nililetewa bamba linang'aa, nikaandika linang'aa. Mlitaka niandike linanuka?"

Wote watatu wakalitazama sinia la sambusa. Halafu Injinia Lyatuu akakohoa kwa Kiingereza kidogo na kusema kwamba, kitaalamu, yapo maelezo mengine. Kunguru.

"Kunguru?"

"Kinyesi cha kunguru kina asidi."

"Kweli kabisa!" Chande akadakia. "Na wa hapa wanakula malimao sokoni."

Sijui shahada ngapi zinahitajika ili mtu aone aibu. Zile za injinia hazikutosha. Wakaandika kunguru. Lakini barua ilitaka jina la mtu, na kunguru hana kitambulisho. Basi wakauliza, nani kazi yake ni kulinda jengo? Wakamwita Mzee Chilongani.

Mzee Chilongani alikuwa mlinzi wa getini. Alibakiza miezi minne astaafu. Akaingia, kofia mkononi. Hakuna aliyemwamkia ila Mwajabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu."

Kaijage akamsomea: kwa uzembe wa kutofukuza kunguru, ghorofa ya kwanza hadi ya tisa.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Wakubwa zangu," akasema, "wa ghorofa ya tisa ningewafukuzaje? Mlinipa rungu. Mabawa hamkunipa."

"Mzee, tusilete utani kwenye mambo ya ofisi."

"Sileti utani mimi. Mwenzenu nauliza tu. Miaka kumi na tisa nipo hapo getini, kunguru wamekunya miaka kumi na tisa. Jengo limeugua wiki iliyopita."

"Weka saini hapa, mzee wangu," akasema Chande kwa upole, ule upole wa mtu anayekuvua koti lako. "Ni utaratibu tu."

"Nikiweka saini, kiinua mgongo changu?"

Hapo wote wakakumbuka kutafuna.

Mzee akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasoma tena, polepole, mdomo ukitikisika. Mwajabu akamtazama. Akajiambia kwamba yeye si aliyeleta asidi. Kweli. Si aliyewahimiza kuosha juani. Kweli. Si aliyepewa kazi ya kutazama akatazama kupitia kioo cha gari. Kweli pia. Kila alilojiambia lilikuwa kweli, na kalamu ilikuwa mkononi mwa Mzee Chilongani.

"Baba, usiandike," akasema.

"Mwajabu, tulikubaliana nini?" Kaijage akamkata jicho.

"Usiandike, baba." Akasimama. "Doa lilikuwepo. Tangu siku ya majaribio, nyuma ya jenereta, lilikuwepo, na mimi nililiona. Nilidhani nimeliharibu mimi, kwa sababu nilikwenda kunywa chai dawa ikakauka. Mpaka leo sijui kama ni dawa au ni chai yangu. Nikalificha. Injinia hakuona bamba lile. Aliona mafuta yangu ya nywele."

Chumba kizima kikapumua. Chande akachukua sambusa. Lyatuu akanyoosha tai yake. Kaijage akaivuta ile karatasi kutoka kwa mzee, haraka, akafuta kunguru, akafuta Chilongani, na uso wake ukang'aa jinsi ambavyo jengo halijawahi kung'aa.

Haya, wewe uliyekaa kimya tangu nianze. Aliyeharakisha kazi juani yupo. Aliyeleta dumu yupo. Aliyetia saini bila kushuka kwenye gari yupo. Aliyelipaka doa mafuta amesimama, na ndiye peke yake aliyesema. Nafasi ni ya jina moja. Je, nani alistahili kuandikwa?