Tundu la Patasi ya Obedi

Fundi mmoja, jina lake Yoeli, alikuwa na meza ndogo ya kuchongea fremu za picha, na mdogo wake aliyeitwa Obedi. Siku moja waligombana. Obedi akaondoka bila kuaga, na patasi nyembamba waliyoachiwa na baba yao akaenda nayo.

Zana zilizobaki zilitapakaa mezani hata pakakosekana mahali pa kazi. Basi Yoeli akachukua kipande cha mbao ya mninga kisichozidi upana wa sahani, akatoboa matundu, kila zana tundu lake na kina chake, ili ncha ikigusa chini mipini yote isimame sawa, mkono uchukue bila macho kutafuta. Nafasi ilikuwa finyu, lakini akatoboa na tundu la patasi isiyokuwepo. Bisibisi ikakosa pa kukaa, ikawa inalala pembeni. Wateja walimtania kwamba anamtunzia chumba mgeni aliyekimbia na shuka. Yeye aliendelea na kazi.

Patasi hupungua kwa kunolewa. Kila Yoeli alipoona zake zimefupika, alitia kibanzi cha mbao ndani ya matundu, chini kabisa, ili mipini ipande tena. Na kila mara alitia kibanzi katika lile tundu tupu pia.

Miaka ikapita, Obedi akarudi. Alisimama mlangoni, patasi mkononi, imenolewa hadi imebaki nusu. Matusi hakuyaogopa, aliogopa kukuta nafasi yake amepewa mwingine. Yoeli hakumuuliza alikokuwa. Alimwonyesha tundu tu. Obedi akasema haifai tena, imekwisha, itazama humo. Hata hivyo akaitia.

Mpini ukasimama sawasawa na mingine.

Obedi alitazama kibao kile, hofu na furaha zimemshika pamoja, asijue aanze kulia au kushukuru. Ndipo kaka yake akamwambia, "Nilijua uko kazini, mdogo wangu, na patasi ya kazi hupungua."

Ndugu zangu, kila nikiikumbuka habari hii mwili hunisisimka. Sisi tunaochelewa kurudi kwa kuona haya jinsi tulivyopungua, je, tunadhani anayetungoja hakujua kupungua kwetu alipotutengea mahali?