Mlenda Usioliwa

Leo sisemi Paukwa, maana mtaitikia Pakawa kwa mazoea huku kila mtu anawaza mambo yake. Nataka mnisikilize, kisha mnijibu. Mwaka jana niliisimulia hadithi hii kwenye harusi moja, na watu wazima waliovaa suti wakanipa jibu ambalo hata mtoto wa chekechea angelionea aibu. Haya, tuwaone na ninyi.

Hapo zamani za juzijuzi, huko Ugogoni, palikuwa na watoto watatu wa darasa la saba. Wa kwanza alikuwa Ndahani, mwana wa seremala. Kipaji chake kilikuwa mikono: mpe kitu cha kukoroga, kubeba au kugonga, haachi mpaka kazi iishe. Akili alikuwa nayo pia, ila siku nyingi aliisahau nyumbani. Wa pili alikuwa Sabiha, mjukuu wa mwenye duka. Kipaji chake kilikuwa macho. Hakuna kilichompita, na alichokiona alikisema, umemuuliza hujamuuliza. Wa tatu alikuwa Nyemo, ambaye mama yake anauza mlenda mkavu, ile mboga ya kuvutika, na magadi sokoni. Huyu aliweza kujua mboga imeiva kwa kutazama povu tu. Wenzake hawakukihesabu hicho kuwa kipaji.

Msidhani walipendana. Kilichowakutanisha ni klabu ya sayansi ya Mwalimu Semeni, mwanamke mwenye subira ambayo mimi sina.

Jumamosi moja mwalimu huyo akaja na kikopo kidogo kutoka mjini. Ndani mlikuwa na kitu cha kijani, laini, chenye ubaridi. Ukikiachia kinatambaa, ukikivuta taratibu kinarefuka, ukikivuta ghafla kinakatika. Watoto wa mjini wanakiita slaimu. Hawa wetu wakakitazama mara moja tu wakakipa jina lake: mlenda usioliwa.

"Tutatengeneza wa kwetu," Mwalimu Semeni akasema. "Kwa vitu vya hapahapa."

Dirishani alikuwa anapita Mwalimu Mkuu, Bwana Chilongani. Huyu alifundisha miaka ishirini bila yeye mwenyewe kujifunza kitu, na tai yake siku zote ilinyooka kuliko fikra zake. Akachungulia, akacheka puani.

"Mwalimu Semeni, umepewa chaki, wewe unafundisha makamasi?"

"Ni sayansi, Mwalimu Mkuu."

"Sayansi. Haya, nina nafasi moja ya kambi ya sayansi kule Morogoro, wiki mbili, maabara ya kweli. Atakayenitengenezea makamasi hayo kabla ya Ijumaa saa sita, aende yeye. Akikosekana, ataenda mtoto wa dada yangu."

Mtoto wa dada yake hakujua hata chumba cha klabu kiko upande gani. Lakini mwenye kalamu ndiye mwenye kiti, tumeshazoea. Watoto wetu watatu walijua kwamba mwakani hawapo tena shuleni hapo, kwa hiyo hiyo ilikuwa nafasi yao ya kwanza na ya mwisho. Hadubini waliwahi kuiona kwenye picha ya kitabu tu, nayo picha ilikuwa imechorwa masharubu na wajinga waliowatangulia.

Jumatatu Ndahani akaleta gundi, ile nyeupe ya kuungia mbao. Aliiomba kwa baba yake akafukuzwa. Akafagia karakana Jumapili nzima, akapanga mbao, akanoa misumeno, mpaka baba akachoka kumwona na kumpa nusu kopo. Akaimimina kwenye beseni, akatia maji, akakoroga mpaka kengele ikagonga. Ikawa kama maziwa.

"Huo ni uji," Sabiha akasema.

"Lete wako," Ndahani akajibu.

Jumanne Sabiha akaleta unga wa keramu. Barazani kwa babu yake wazee hucheza keramu kutwa, na ubao hunyunyiziwa unga mweupe ili kete ziteleze. Watu mia wamepita pale wakauona unga. Sabiha peke yake alisoma maandishi ya pakiti, akakuta neno boriki, lilelile aliloliona nyuma ya kikopo cha mwalimu. Akamwomba babu, akapewa vijiko viwili. Mwalimu Semeni akaukagua, akawaonya wasilambe na wanawe mikono, kisha wakauyeyusha kwenye maji ya moto na kuumimina ndani ya beseni. Uji ukawa mzito kidogo, halafu ukanuna hapohapo. Jumatano nzima walikoroga, na haukubadilika.

"Umeniharibia gundi yangu," Ndahani akasema.

"Gundi yako ilikuwa na nini cha kuharibika?"

Alhamisi Nyemo hakuleta kitu. Waliomwachia beseni akoroge walidhani wamempa kazi inayomfaa. Akakoroga, akainua mwiko, akaona hauvutiki. Sasa, kwao hakuna mtu anayepika mlenda bila magadi. Mlenda usio na magadi hauvutiki, na mpishi wake husemwa mpaka msimu ujao. Mfukoni alikuwa na kipakiti cha magadi alichotumwa kupeleka kwa shangazi yake. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoa punje mbili, ukaziyeyusha kwenye kikombe na kumimina, na akili yake ndiyo iliyofika ya mwisho.

"Jamani," akasema, "nimetia magadi."

"Mwoneni mpishi," Sabiha akasema. "Kesho ataleta sufuria."

"Tia na karanga basi," Ndahani akaongeza, na klabu nzima ikacheka. Nyemo akainamisha kichwa, akaendelea kukoroga kwa sababu hakujua la kufanya.

Wakiwa bado wanacheka, mwiko ukagoma. Uji ukajikusanya, ukabanduka pembeni, ukaliacha beseni safi. Nyemo akauinua, nao ukashuka polepole mpaka sakafuni bila kukatika. Hapo kicheko kikakoma, na mimi nasema kilikoma kwa kuchelewa.

Mwalimu Semeni akawaeleza kwa maneno machache. Gundi ni nyuzi ndefu zinazoteleza kila moja kivyake. Unga wa keramu ndio unaozifunga pamoja. Lakini vifundo vyake vilikuwa vimelegea, na magadi ndiyo yaliyovikaza. Ondoa kimoja, huna kitu.

Ungetegemea wafurahi. Walianza kugombana kabla hawajanawa mikono, na asubuhi ya Ijumaa wakaendelea pale walipoachia.

"Mwili wote wa kitu hiki ni gundi yangu," Ndahani akasema. "Mimi nimeitolea jasho. Ninyi mmenyunyiza vumbi."

"Gundi kila seremala anayo," Sabiha akasema. "Mimi ndiye niliyefikiri. Huyu mwingine hakufikiri kitu, mkono wake tu ulizoea jikoni."

Nyemo, ambaye wiki nzima hakuwa amejitetea, akasema, "Jasho lako lilitoa uji. Fikra zako zikatoa uji mzito. Mlenda umetoka mkononi mwangu, na mlinicheka."

Saa tano na nusu Mwalimu Mkuu akaja na fomu ya kambi. Akachovya kidole kimoja kwenye mlenda, kama mtu anayegusa nepi. Ukamng'ang'ania. Akajifutia kwenye tai, na sasa ukaing'ang'ania tai, mtu mzima akabaki anavutana na nguo yake mbele ya darasa la saba. Watoto wakatazama chini kwa adabu. Mimi ningemtazama vizuri kabisa.

"Nani katengeneza?" akauliza.

"Mimi," wakasema wote watatu.

"Kiti ni kimoja. Saa sita nataka jina moja. Mkishindwa, mtoto wa dada yangu yuko getini na begi lake."

Akatoka. Mwalimu Semeni akawauliza kama kuna anayemwachia mwenzake. Ndahani akaukata mlenda mapande matatu, kila mmoja akachukua lake na kulitazama kama dhahabu. Mwisho wakayarudisha kwenye beseni, kila mmoja upande wake, wakapeana migongo, wakanuna. Walikaa hivyo, wenye vipaji vitatu na busara sifuri, mpaka kengele ya saa sita.

Mwalimu Mkuu akaingia. Ndahani akageuka kuchukua pande lake, asilipate. Sabiha akainama na macho yake yote, asione mpaka. Muda ule walipokuwa wamenuna, yale mapande matatu yalikuwa yametambaa, yakakutana katikati ya beseni, yakawa kitu kimoja, wala hapakuwa na mstari wa kuonyesha la nani liliishia wapi. Nyemo akakiinua, kikanyanyuka chote.

Watatu wakatazamana, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza kwao kuona aibu.

"Jina, Mwalimu Semeni," Mwalimu Mkuu akasema. Kalamu yake ilikuwa imeshafunguliwa, na nje gari la kwenda Morogoro lilikuwa linanguruma.

Hapo ndipo ninapowaachia. Wale wenye suti waliniambia wagawane. Wagawane nini, kiti? Mmoja akikalie kule Morogoro, wenzake wakae miguuni mwake? Mwingine akaniambia Mwalimu Mkuu ni mtu mbaya. Hilo nimewaambia mimi mwenyewe, usinirudishie maneno yangu. Mwingine akasema wote wakatae kwa heshima ya umoja. Wakikataa wao, mtoto wa dada anapanda gari.

Yupo aliyeutoa mwili wa kitu kwa jasho lake. Yupo aliyetambua cha kukifunga pale ambapo wote walikuwa vipofu. Na yupo aliyekikamilisha kwa mkono uliochekwa. Fomu ina mstari mmoja, na kalamu imeshagusa karatasi.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na hao wawili waliobaki wamesimama hapo mbele yako, ungewaambia nini machoni?