Zimwi Lililojitwika Shogi

Sikuhadithiwa mimi, nilikuwapo, nikaona kwa macho haya.

Bi Mwanasiti, aliyetibu punda wa watu bila malipo, alimfungia uani punda mwenye donda mgongoni. Zimwi lililomiliki punda huyo likaja.

“Nipe punda wangu abebe mawe!”

“Hajapona, hatoki.”

Likarudi mara ya pili likinguruma. Bi Mwanasiti akajibu vilevile: “Hajapona, hatoki!”

Mara ya tatu likabeba shogi, lile kapu kubwa la mizigo la mgongoni mwa punda. “Jepesi hili, tazama!” Likajitwika. Kumbe shogi lilikuwa limechoka dhuluma! Likang'ang'ania mgongoni, likajijaza mawe lenyewe, mpaka zimwi likachubuka.

“Nitibu, mama!”

“Nitakutibu. Panga foleni, nyuma ya punda.”

Yote kweli tupu. Ila hilo “mama” nimelitia mimi. Zimwi lile halikuwa na adabu.