Mringo na Paa la Baraza

Zama zile mababu walipokwisha kumfukuza mfalme wa bondeni, milima ya Ikongwe ikabaki haina bwana, alikuwako Mringo mwana wa Sekiete, mjukuu wa Mbonea mfua vyuma, Mringo Bega la Mlima, aliyeng'oa mvule kwa mikono akaulaza uwe daraja.

Watu wakakusanyika uwandani kumchagua mtawala wao wa kwanza, kila mtu akasimama nyuma ya amtakaye. Nyuma ya Mringo walisimama wengi kuliko nyuma ya yeyote, lakini hawakufika nusu ya watu wote. Na agano la koo zote lilisema kuwa asiyefikisha nusu hatawali, wataamua wazee wa koo. Wazee wakaingia nyumba ya baraza, wakafunga mlango, na vyungu vya pombe ya Kangero, mshindani tajiri, vikaingia pamoja nao.

Mringo alisikia vicheko vya ndani, damu ikamchemka. Akauvunja mlango, akasimama katikati, akaliinua paa lote, nyasi na boriti, hadi watu waliokuwa nje wakawaona wazee na vibuyu vyao mikononi.

"Mwana wa dada yangu, umepagawa?" akafoka Mzee Senzota. "Nyumba ya watu unaiezua?"

"Naifungua, mjomba. Semeni sasa, kila mmoja kwa sauti, ukoo wake ukimsikia."

Wazee wakabuni hila. Wakasema polepole, kila mmoja akianza na nasaba yake tangu babu wa kwanza, wakitumaini mikono iliyoshika paa italegea na mwenyewe aaibike. Jasho likamtiririka Mringo, akahisi mifupa ya shingo ikilia, lakini paa hakulishusha.

Nje bibi kizee mmoja akapaza sauti: "Fupisha, shemeji! Babu yako tunamjua, aliiba mbuzi wetu!"

Watu wakaangua kicheko. Wazee wakaona haya, na mbele ya macho ya watoto wao wakamtaja Mringo, mmoja baada ya mwenzake, mjomba wake akiwa wa mwisho.

Alitawala hadi akaota mvi. Walipomsihi amtaje mwanawe arithi kiti, alisema, "Mimi sikukirithi," akapanda peke yake kwenye ukungu wa mlima, wala kaburi lake halijulikani. Lakini katika mabaraza ya Ikongwe, msemaji akirefusha maneno, hata awe mtawala mwenyewe, watu humpigia kelele: "Mzee, paa linamlemea Mringo!" Naye hana budi kuketi.