Bi Dorkasi na Mbegu za Jirani

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bahari ya magharibi, mbali sana na huku kwetu, palikuwa na kisiwa kidogo kisichokaliwa na mtu. Wakatoka Waingereza, nyumba tisa za watu wa Kitabu waliochoka kuonewa makwao kwa namna yao ya kusali, wakapanda merikebu wakaenda kukaa huko. Asishangae mtu kwamba tunatafuta mawaidha kwa watu wa mbali. Hekima ni mali iliyompotea muumini, na aliyepotewa haulizi kitu chake kimeokotwa kwenye uwanja wa nani.

Mwaka wao wa kwanza ulikuwa msiba mtupu. Ngano waliyotoka nayo kwao waliimwaga ardhini kama walivyozoea, ikatoa majani tu, bila suke hata moja. Wakala kombe za pwani, wakala mizizi, mwisho wakachemsha ngozi za viatu. Kilichobaki ni pipa moja la mahindi ya mbegu waliyoyanunua kwa mabaharia waliokuwa wakipita, na funguo za ghala alikuwa nazo mjane mmoja, Bi Dorkasi. Watu walimwendea wakimlilia, naye akaketi juu ya lile pipa akawaambia, "Tukizila leo, mwakani hapatakuwa na wa kumzika mwenzake." Mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka minne, alikufa kwa njaa mle mle ghalani, na pipa halikufunguliwa. Msimu ulipofika wakapanda, wakavuna, wakaishi.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Kila nyumba ikivuna huchagua mahindi yake bora ikampelekea Bi Dorkasi, naye huyakausha, huyapukuchua, na kuyaweka katika vifuko hadi siku ya kupanda. Akisema mbegu hii nzuri, ni nzuri. Akisema hii mbaya, hutupwa, na hapana wa kumuuliza.

Lakini binadamu ni msahaulifu. Mwaka wa tatu ikaja merikebu ya pili, ikamshusha mwanamke kijana aitwaye Tamsini pamoja na mumewe. Tamsini alikuwa na mkono wa baraka. Alipanda mahindi yake kwenye vichuguu vidogo vya udongo alivyovilundika, akafukia samaki chini ya kila kichuguu, akayatambaza maharage juu ya mabua. Shamba lake likawa linasimama vizuri kila mwaka hata watu wakawa wanazunguka njia ndefu kusudi walipitie. Wakaambizana, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Bi Dorkasi aliposikia akajisemea, Mwenyeji keshapona zamani, tena kwa gharama ya nani?

Basi kijicho kikaanza kumla. Akimwona Tamsini anacheka kisimani, hujiona ndiye anayechekwa. Akiletewa boga na Tamsini, hulipika kwa kuona haya ya kulitupa, kisha chakula hakishuki. Alijua fika kwamba yule mwanamke hajamkosea kitu, na kujua huko kukamzidishia chuki. Jumapili moja Mchungaji Obadia, kiongozi wao, akainua mikono kanisani akasema, "Tunakushukuru, Mola, kwa mkono wa Tamsini uliotuokoa na njaa." Watu wakaitika amina. Bi Dorkasi alikumbuka kijeneza kidogo alichokibeba peke yake mwaka ule, maana wengine hawakuwa na nguvu za kusimama, na mdomo ukamkataa. Mwaka ule hakuna aliyemshukuru Mola kwa mkono wake.

Baada ya mavuno, Tamsini akaleta ghalani vifuko vitatu vya mbegu. Nyumba nyingine hazikuwa zimefikisha hata kimoja. Jumamosi ile Bi Dorkasi alipomaliza kuoka mikate ya watu, alitazama tanuri lake lililokuwa bado na moto wa kutosha, akakichukua kifuko cha kwanza akakitia ndani hadi jioni. Mbegu iliyopata moto namna ile huiva kiini chake ikafa, lakini ukiishika mkononi huoni tofauti. Jumamosi ya pili akatia kifuko cha pili. Ya tatu, cha tatu. Mara ya kwanza angeweza kusema shetani alimpitia. Hizo nyingine mbili alizipanga mwenyewe. Akajituliza kwamba hapana atakayekufa: shamba moja likikosa, wenzake watamlisha, naye Tamsini atakosa sifa tu.

Mambo hayakwenda kama alivyoyapanga. Merikebu ya chakula waliyoitazamia haikutokea, na unga ukawa unakwisha. Zikiwa zimebaki siku nne wapande, Mchungaji Obadia akawakusanya watu uwanjani mwa ghala baada ya sala ya asubuhi, akasema, "Ndugu zangu, tumeshauriana. Mbegu za Tamsini ndizo bora, na tukizipanda kama apandavyo yeye zitatosha mashamba yote. Basi hizi za nyumba nyingine tutazisaga leo tule, tusije tukaanguka kabla ya mavuno."

Bi Dorkasi akapiga hesabu. Mbegu zilizo hai ndizo zinakwenda kusagwa, na zilizokufa ndizo zinakwenda ardhini, chakula cha watu wote wa kisiwa kile. Mume wa Tamsini alikwisha kuinama kubeba kifuko cha kwanza kukipeleka kinuni.

"Ngojeni," akasema.

Wote wakageuka. Hapo ndipo penye mtihani wenyewe, maana Ibilisi hakumnong'oneza anyamaze. Alimwonyesha njia nzuri zaidi. Neno moja tu lilitosha kuwaokoa watu wote, na kumshusha Tamsini, na kumwacha yeye na heshima yake.

Akalisema. "Mbegu za Tamsini ni mbovu. Nimezikagua. Zikipandwa hazitaota."

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba kumbe sifa zote zile ni za bure. Bi Dorkasi akalisikia, na kwa kitambo kidogo, Mola atuepushe, likamwingia tamu. Alikuwa amelingoja kwa miaka.

Tamsini alikuwa amesimama, uso umemwiva kwa aibu. Hakujitetea. Alisema, "Kama mama Dorkasi amesema, basi ndivyo. Mimi nimejifunza kulima tu. Yeye alitulindia mbegu hata mwanawe akafa mkononi mwake. Tangu nilipoambiwa kisa kile sijaanza kupanda hata mwaka mmoja bila kumwombea. Tuzitupe zangu, mama, na unisamehe kwa kukuletea mbegu mbaya."

Hayo ndiyo maneno ambayo Bi Dorkasi alikuwa na kiu nayo kuliko maji. Kumbe yalikuwepo siku zote, katika dua ya mtu yule yule. Alijaribu kunyamaza akashindwa. Akapiga magoti vumbini mbele ya watu wote.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Mbegu zako zilikuja nzima. Nimeziua mimi kwa tanuri langu, Jumamosi tatu, kwa husuda. Na sasa hivi nimekusingizia. Hizo za wengine zi hai, zipandeni. Hizi zisageni."

Mume wa Tamsini alikitupa kile kifuko chini akaondoka, akihofia ulimi wake usije ukamponyoka. Mchungaji Obadia akamtazama Tamsini, maana mwenye haki alikuwa yeye.

"Nimekukasirikia, mama," Tamsini akasema, "wala sitadanganya kwamba sikukasirika." Akaenda zake naye, akilia.

Wakabadilisha vifuko. Kwa sheria yao Bi Dorkasi akanyang'anywa funguo, akawekwa kwenye benchi la nyuma kanisani, hapana wa kuketi naye hadi mavuno. Hakulalamika. Watu walikaa siku zile zote wakila unga wa mbegu zile za tanuri, na yeye sehemu yake aliiacha akala mizizi, akisema hana uso wa kuila.

Jumapili ya tatu Tamsini aliingia kanisani, akaipita nafasi yake, akaja kuketi kwenye lile benchi la nyuma. Alikuwa na kipande cha mkate ndani ya kitambaa. Akaukata, akala kwanza yeye, nusu akampa Bi Dorkasi.

"Kula, mama," akasema. "Mbegu zenyewe haziwezi kuota tena, lakini zinashibisha."

Bi Dorkasi akala.

Ndugu zangu, mja yule aliishinda njaa, nayo ilimchukulia mwanawe, kisha akaja kushindwa na sifa ya jirani. Basi asijiamini yeyote kwa mtihani aliofaulu mwaka jana. Na tukimwona mwenzetu amepewa, tumwombee azidishiwe, kwani hatujui katika dua zake ametutaja mara ngapi.