Bibi Naetwe na Kizibo cha Ndiva

Mnanisumbua. Jana hadithi, juzi hadithi, na kuni hakuna aliyeleta. Haya, nitasema, ila atakayesinzia nitamwamsha kwa mwiko. Paukwa.

Mbona kimya? Nimesema paukwa.

Pakawa.

Hapo kale, kabla bibi yangu hajaota meno, kulikuwa na kijiji mlimani, na kijijini kulikuwa na bwawa la udongo, ndiva. Maji ya chemchemi yalijaa humo usiku kucha, ti, ti, ti. Asubuhi kizibo kinatolewa, maji yanashuka mferejini, kila nyumba na zamu yake. Mtunza kizibo aliitwa Senkondo, mzee wa kanisa. Sauti kubwa, tumbo kubwa zaidi.

Mwaka huo mvua ikagoma. Senkondo akatangaza, "Maji yamebaki ya kunywa tu. Zamu za mashamba zimesimama." Mashamba yakakauka, kau, kau, kau. La Senkondo likabaki kijani. Wakimuuliza, anasema ni kwa sababu yeye hutoa sadaka.

Sasa palikuwa na mjane, Bibi Naetwe, magoti mabovu, ulimi mzima. Alikuwa na wajukuu watatu yatima na matuta saba ya maharage. Maharage yakifa, watoto hawali. Akamwendea Senkondo.

"Baba, naomba zamu yangu."

"Maji ni ya kunywa, mama. Ukitaka ya shamba, muombe Mungu."

"Nitamuomba," akasema.

Kesho yake alfajiri Senkondo akanyata kwenda kujifungulia maji. Nyatu, nyatu, nyatu. Akamkuta bibi amepiga magoti kando ya kizibo.

"Unafanya nini hapa?"

"Ulichoniagiza. Ee Bwana, tunakuja mbele zako…"

Na desturi ya kijiji ilikuwa hivi: mtu akianza kuomba, anayemsikia avue kofia, afumbe macho, asiinue mguu mpaka Amina. Senkondo mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu, na aliwahi kumtoa mtu ibadani kwa kukohoa. Afanyeje? Akavua kofia.

Bibi akaombea mvua. Akaombea wagonjwa. Akaombea kuku wa jirani, mmoja mmoja, na rangi zao. Jua likatoka, njia ikajaa watu, ndipo akasema Amina. Senkondo akarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya pili bibi akaomba. Siku ya tano, magoti yamevimba kama maboga, akaomba. Msidhani alikuwa anacheza. Aliomba kweli, machozi yanashuka. Ila Mungu alimpa akili pia, naye hakuiacha nyumbani.

Siku ya tisa mahindi ya Senkondo yakaanza kujikunja. Siku ya kumi akaja na ujanja wake.

"Mama, leo wacha niombe mimi."

"Omba, baba."

"Bwana, asante kwa siku hii. Amina."

"Umemwita Mungu umsalimie tu? Fumba macho. Mwambie shida."

"Bwana, tupe mvua."

"Endelea."

"Uwaponye wagonjwa."

"Wanaumwa nini?"

"Njaa, Bwana. Wanaumwa njaa."

"Njaa imetoka wapi? Yeye anajua, lakini mwambie."

Maji yanadondoka, ti, ti, ti. Senkondo akatafuta maneno kwenye tumbo lote lile mpaka jua likachomoza, akakuta limebaki moja.

"Nisamehe maji ninayoiba hapa kila alfajiri."

"Amina," wakasema watu.

Watu gani? Akafumbua macho. Kijiji kizima kimesimama nyuma yake na vibuyu. Walikuja kuteka ya kunywa, wakasikia sala, wakavua kofia na kunyamaza, kama alivyowafundisha.

Basi nyinyi mnaoomba mara moja, halafu mnanuna kwamba Mungu hasikii, rudini magotini. Bibi Naetwe aliomba siku tisa, na ya kumi aliombewa na mwizi mwenyewe.

Na Senkondo? Alilipa anacholipa kila mwizi wa maji ya ndiva. Alizoa tope lote la bwawa peke yake, siku kumi na moja, mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Zamu zake za msimu mzima zikaenda kwenye yale matuta saba. Mahindi yake wakala mbuzi.

Hadithi yangu nimeitua hapo.