Ufunguo wa Pikipiki ya Mzee Mwakatundu

Hapo zamani, na si zamani ya mababu bali ile ya juzi tu, pikipiki zilipoanza kupanda milima yetu ya migomba na chai, palikuwa na mtu wa kijiji cha Lupando akiitwa Asajile. Asajile alikuwa na pikipiki. Aliiosha mwenyewe, akaipanda mwenyewe, akajitazama kwenye vioo vyake kila siku kama bibi harusi. Lakini aliyeinunua alikuwa baba yake, mzee Mwakatundu, aliyeuza dume lake zuri la ng'ombe ili mwanawe aache kushinda kilabuni. Mwana akashukuru sana, akapanda pikipiki, akaenda nayo kilabuni.

Mkewe aliitwa Tusekile. Kila alfajiri Tusekile alijitwika ndoo ya maziwa, akamfunga mtoto wao Lugano mgongoni, akashuka bondeni hadi mto Nsikwe, akapanda kilima cha ng'ambo mpaka kituo cha maziwa. Shingo ilimuuma hata usingizini. Pikipiki ilibaki nyumbani imelala, na mwenye vioo naye amelala.

Siku moja maziwa yalichelewa, yakaganda, yakakataliwa.

"Baba Lugano," alisema Tusekile, "si uwe unayapeleka wewe kwa pikipiki?"

"Alfajiri?" Asajile alishtuka kama ameambiwa aoge barafu. "Mimi?"

Akafikiri siku nzima, akapata njia ambayo isingemwamsha. "Nitakufundisha kuendesha," alisema. "Ukijua, ufunguo utakuwa wako, na ndoo hutajitwika tena."

Tusekile akalishika neno hilo. Ndoo hutajitwika tena. Akalirudia jikoni, akalirudia shambani.

Somo lilifanyika kwenye uwanja wa mpira, jioni, saa ambayo wanaume wa Lupando hawana kazi. Nao saa nyingine hawakuwa nayo vilevile. Asajile aliwaalika mwenyewe. "Njooni muone sarakasi," aliwaambia. Wakaja, wakakaa kwenye nyasi, wakatafuna miwa.

Tusekile akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikazima.

"Wewe mwanamke, unaiwasha au unaisalimia?"

Akapiga tena, ikawaka. Akaachia klachi kwa ghafla, pikipiki ikaruka kama mbuzi, ikamtupa chini. Asajile akacheka. Wanaume wakacheka. Mmoja wao akakabwa na muwa kwa kucheka, na kwa bahati mbaya akapona.

Mjane jirani yao, Subilaga, alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akautua. Maishani mwake hakuwahi kugusa pikipiki. Akamchukua Lugano pale nyasini alipokalishwa, akamfunga mgongoni mwake, akaishika keria ya nyuma kwa mikono yote miwili.

"Panda, mwanangu," alisema. "Ukianguka, utaniangukia mimi."

Tusekile akapanda. Asajile akacheka, wanaume wakacheka, na Subilaga akakimbia nyuma ya pikipiki uwanja mzima, ndala zikimtoka miguuni, mtoto mgongoni akifurahi kuliko wote. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Asajile akacheka, wanaume wakacheka, Subilaga akakimbia. Mpaka jioni moja Subilaga akaachia keria bila kusema, na Tusekile akaenda peke yake, akageuka golini, akarudi. Siku hiyo wanaume wakakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani.

Sasa tuseme haki, maana hata mtu wa hovyo ana lake. Asajile pikipiki aliijua. Mvua ilipoanza alimpeleka mkewe kwenye mteremko wa mto Nsikwe, ule wa tope jekundu linaloteleza kama sabuni, akasimama juu akapiga kelele: "Gia ya kwanza! Funga mafuta! Achia klachi, acha injini ikushike! Breki ya mbele usiiguse! Ukiigusa kwenye tope tutakuzika na ndoo yako!"

Tusekile akateleza, akaanguka.

"Kichwa kama mtungi uliotoboka! Rudi juu!"

Akarudi juu, akashuka, akaanguka.

"Mwache apumzike, baba," alisema Subilaga.

"Akipumzika atasahau. Rudi juu, mtungi!"

Akarudi juu huku analia kwa hasira. Akashuka tena na tena, mpaka akawa anashuka bila kuanguka. Asajile hakumsifu. Alimwambia, "Hata ng'ombe hushuka hapa."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mwalimu aliyelifikiria. Kwao Lupando mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mkamwana akimwona mkwewe njiani, huacha njia, huchutama kwenye majani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Hasemi naye, hamgusi, hali naye chakula. Ndiyo heshima yao, na Tusekile aliishika vizuri.

Basi jioni moja anarudi nyumbani na pikipiki, anakata kona, mbele yake mzee Mwakatundu na fimbo yake! Tusekile hakufikiri. Alifanya alichozoea: akaacha njia. Akaacha njia pamoja na pikipiki. Akaingia nayo katikati ya magimbi ya Subilaga, ikazama, injini inanguruma, tairi linarusha matope. Na yeye, mdomo umejaa udongo, akachutama kando yake, akageuza uso kwa adabu. Mzee naye akapita kimya, kama inavyotakiwa.

Kijiji kilicheka hadi kikaumwa mbavu. Wakampa jina, Mkamwana wa Magimbi. Asajile akasema kilabuni, "Mke wangu anaendesha vizuri sana, mradi ukoo wote ubaki ndani."

Lakini kesho yake mzee aliposikia injini inakuja, yeye ndiye aliyeacha njia. Mzee mzima akaingia kwenye tope, akauweka uso wake kwenye mgomba, akasimama hivyo mpaka mkamwana akapita. Wenzake wakamsuta. "Mwakatundu, siku hizi unamkimbia mkamwana?"

"Naikimbia pikipiki," akajibu.

Tusekile aliuona mgongo wa koti lake kuukuu, uso umefichwa kwenye mgomba. Akaushika usukani vizuri, akapita taratibu asimrushie matope.

Alikuwa ameshajua kuendesha, na kila mtu aliona. Lakini ufunguo? Asajile aliufunga kwa uzi, akauvaa shingoni. "Bado hujaiva," alimwambia. Tusekile akaendelea kujitwika ndoo.

Siku moja Asajile akawaonyesha wenzake jinsi fundi anavyovuka daraja la magogo la mto Nsikwe. "Mikono miwili ni ya wanawake," alisema. Akanyanyua mmoja awapungie. Pikipiki, ambayo ilikuwa na akili kumzidi, ikabaki juu ya daraja. Asajile akaenda mtoni peke yake, akavunjika mkono. Wakamfunga mti na kitambaa, na ufunguo ukabaki unaning'inia juu ya kitambaa kama nishani.

Mkono haujapona, siku ya gulio, bodaboda zote zimekwenda na wateja, mvua imenyesha tangu asubuhi, mzee Mwakatundu akaanguka uani. Alikuwa na ngiri, ameificha miaka kwa aibu ya kiume, na siku hiyo ilikuwa imejisokota. Alibadilika rangi, akatapika, akauma kola ya koti asipige kelele. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya mto Nsikwe. Gari haliwezi kupita kwenye tope lile, na kwa machela mzee asingefika akiwa hai.

"Lete ufunguo," Tusekile alimwambia mumewe.

"Umpakie baba? Na mwiko je? Na mteremko ule? Utamuua baba na kuniharibia pikipiki!"

Subilaga alimwendea Asajile, akaukata uzi kwa meno, akampa Tusekile ufunguo.

"Mimi nitakaa katikati," alisema. "Nitakuwa ukuta. Hamtagusana."

Wakampandisha mzee nyuma, kichwa kimefunikwa shuka asimwone mkamwana. Subilaga akakaa katikati, mnene kama alivyo, na kwa mara ya kwanza wembamba wa watu wengine haukuwa na faida. Tusekile akakaa mbele. Lugano akaachiwa Asajile, wakatazamana, wakaanza kulia wote wawili.

Wakafika mteremkoni. Pikipiki ikaanza kuteleza, na Subilaga, kwa mapenzi yake yote, akapiga kelele: "Breki, mwanangu! Shika breki! Ya mbele hiyo!"

Vidole vya Tusekile vikaisogelea breki. Ndipo akasikia kichwani sauti nyingine, ile mbaya: gia ya kwanza, mtungi! Funga mafuta, mtungi! Akavitoa vidole. Injini ikawashika. Wakashuka wakiyumba mpaka chini, wakavuka daraja.

Kilima cha ng'ambo kikawakataa. Tairi lilizunguka palepale, na mzigo wa watu watatu ulikuwa unairudisha pikipiki mtoni. Mzee alikuwa ameanza kulegea. Subilaga akashuka. Akavua kitenge chake, akabaki na gauni kwenye mvua, akamsogeza mzee mpaka kifua chake kikagusa mgongo wa mkamwana wake, akawafunga pamoja kiunoni, akakaza fundo.

"Mama!" Tusekile alipiga kelele. "Huyu ni mkwe wangu!"

"Waambie nimekufunga mimi. Mwiko huu niandikie mimi. Nenda!"

Akaisukuma pikipiki kwa nyuma mpaka ikashika ardhi, matope yakamjaa machoni. Tusekile akapanda kilima. Katikati ya kilima mzee akazinduka, akatambua alipo, akajaribu kujinasua kwa aibu.

"Niache, binti," alisema. Hakuwahi kumsemesha tangu aolewe. "Niache niangukie hapa. Usijichafue."

Mwiko ulitaka fundo lile lifunguliwe, naye mzee mwenyewe ameomba. Tusekile akaichukua mikono ya mkwewe kwa mkono wake wa kushoto, akaizungusha kiunoni kwake, akaibana kwa kiwiko, akaendelea. Alifika kituoni hawezi hata kuufungua mdomo, na wauguzi wakalikata fundo la kitenge kwa mkasi.

Mzee akapasuliwa, akapona.

Aliporudi nyumbani akaita watu. Wanaume wa uwanjani wakaja wote, maana mambo ya wengine ndiyo shamba lao. Mzee akakaa kwenye kigoda uani, akaelekeza uso kwenye uzio, mgongo kwenye mlango wa jikoni alikokuwa mkamwana wake.

"Pikipiki niliinunua mimi," alisema. "Ufunguo nimeagiza niletewe, ninao. Nataka kumpa yule ambaye kwa sababu yake leo niko hai, ninakula ndizi. Atakayeupata, pikipiki ni yake, na asiulizwe na mtu. Semeni."

Asajile akasimama wa kwanza, kama kawaida yake panapogawiwa kitu. "Baba, nani alimfundisha? Nani alisimama kwenye mvua akipiga kelele mpaka koo likakauka? Mteremko ule umeua wangapi? Muulizeni alishuka kwa maneno ya nani! Subilaga alimwambia ashike breki. Angemsikiliza, tungekuwa tunakaa matanga. Nilimtukana, sawa. Lakini matusi yangu ndiyo yaliyokufikisha. Na mtoto alibaki na nani?"

"Alibaki analia!" mtu akadakia. Wakacheka.

Subilaga akafuata. "Mimi pikipiki siijui, na breki nilikosea, sikatai. Lakini huyu angejifunza nini kama asingenyanyuka pale uwanjani siku ya kwanza? Nani alimnyanyua? Nani alikimbia nyuma mkimcheka? Nani alitoa ufunguo shingoni mwa huyu shujaa wa daraja? Fundo nilifunga mimi, na lawama ya mwiko nimeibeba mimi." Akatazama chini. "Nami sitasema uongo. Nikipewa nitaiuza nikaezeke nyumba yangu inayovuja. Nisamehe, mwanangu Tusekile."

Mmoja wa watafuna miwa akasema, "Huyo wa jikoni yeye asiseme. Mkamwana aliyefungwa kitenge kimoja na mkwewe ni wa kutozwa faini, si wa kupewa zawadi."

Tusekile hakuweza kumsemesha mkwewe mbele za watu. Kuku alikuwa akidonoa mlangoni, akamsemesha kuku.

"Sikia, wewe kuku. Maneno ya baba Lugano yalikuwa kichwani mwangu, ni kweli. Mkono wa mama Subilaga ulikuwa mgongoni mwangu, ni kweli. Lakini kilimani walikuwa wapi? Mmoja nyumbani ameshindwa na mtoto, mwingine chini kwenye tope. Fundo alifunga yeye, lakini mzee aliniomba nimwache, na mikono yake niliizungusha kwangu mwenyewe, kwa hiari yangu. Hilo hakunifunga mtu. Faini nitaitoa, kuku, waipange hata leo. Ila ndoo ile sitajitwika tena."

Kuku akaenda zake. Mzee Mwakatundu hakugeuka. Akaupeleka mkono wake nyuma, akaufungua, ufunguo ukiwa katikati ya kiganja, akasubiri auchukue anayestahili. Asajile akapiga hatua. Subilaga akapiga hatua. Na mlangoni pa jikoni Tusekile naye akatoka, mbele ya kijiji kizima, kuuendea mkono ambao mila inamkataza kuugusa.

Haya, nyinyi mliocheka na mliokuwa mkisikitika, msitazamane. Mmoja alimpa ujuzi kwa matusi. Mwingine alimpa moyo, akabeba mwiko, na ujuzi hana. Wa tatu aliuvunja mwiko kwa mikono yake akijua. Je, ufunguo ule uchukuliwe na nani?